Barua kwa mwanangu: kwa nini nyota kubwa hufa mapema

Kamwene, mwanangu.

Nimeisoma meseji yako mara mbili. Unasema tangu mlipoondoka huku baada ya Krismasi mjukuu wangu amekubana kwa swali moja: kama nyota kubwa ndiyo yenye kuni nyingi, iweje ife kabla ya ndogo? Na pia, je, shimo jeusi linaweza kulimeza shamba la babu? Swali la kwanza halijibiki vizuri kwenye simu, mama, ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Unakumbuka tanuri la mkaa kule bondeni? Babu yako alipanga magogo ya miwati, akafunika kwa majani, kisha udongo, akaacha vitundu vichache vya kupumulia. Likafuka moshi polepole, siku baada ya siku. Sasa kumbuka rundo la mabanzi ya mashine ya mbao lililoshika moto ukiwa darasa la tano. Lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lile tanuri, lakini kulipokucha tulikuta majivu. Usiangalie wingi wa kuni tu, angalia na kasi ya kuwaka.

Kwenye nyota, kasi hiyo huamuliwa na uzito. Nyota ni gesi inayojikandamiza yenyewe. Ndani kabisa haidrojeni inaungana kuwa heli na kutoa joto. Joto linasukuma nje, uzito unabana ndani, na nyota inasimama kwa sababu nguvu hizo mbili zinatoshana. Ikiwa nzito zaidi, moyo wake sharti uwe na joto kali zaidi ili isiporomoke, na joto likizidi kidogo tu, uunguaji unazidi mno. Nyota yenye uzito wa majua 20 ina kuni mara 20 ya Jua letu, lakini inazichoma mara makumi elfu. Jua limekadiriwa kuishi miaka bilioni 10 hivi, na limeshakula karibu nusu. Hiyo kubwa inamaliza zake kwa miaka milioni 10 au chini ya hapo.

Ile nyota nyekundu mliyoiona kwenye kundi la nyota la Jabari usiku ule mawingu yalipofunguka, Ibuti la Jauza, ni ya jamii hiyo. Kwa umri ni mtoto mbele ya Jua, na tayari iko ukingoni. Inaweza kulipuka usiku wa leo, inaweza kungoja miaka 100,000.

Usimfananishie na paini zetu, atapotea. Tunapanda mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche 450 hivi. Ingia ndani mwaka wa nane: nyembamba zilizofunikwa na wenzake zinakauka zikiwa zimesimama, na hizo ndizo tunazoziondoa kwanza tunapopunguzia. Shambani, mnene ndiye anayebaki. Angani ni kinyume, maana nyota haigombanii mwanga na jirani. Inapambana na uzito wake yenyewe.

Haidrojeni ikiisha moyoni, nyota kubwa huchoma heli, kisha kaboni, oksijeni, silikoni, kila hatua fupi kuliko iliyotangulia. Silikoni kugeuka chuma huchukua kama siku moja. Fikiria, mamilioni ya miaka ya kuwaka halafu siku moja! Na chuma ndicho mwisho, kwa sababu ukiunganisha chuma hupati joto, unalipoteza. Hakuna tena cha kusukuma nje. Moyo wenye upana wa dunia hii unaporomoka chini ya sekunde moja hadi kuwa donge la kilomita makumi machache, na tabaka za juu zinarushwa nje. Hiyo ndiyo supanova. Donge likibaki la kiasi, tunaliita nyota ya nyutroni. Likiwa zito mno, hakuna nguvu inayolizuia, linakuwa shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki.

Tarehe 23 Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, umbali wa zaidi ya miaka nuru 160,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), na ikaonekana kwa macho matupu kwa miezi kadhaa. Kutoka huku kwetu Mufindi wingu hilo hukaa chini upande wa kusini, juu ya mabonde ya chai. Nilikuwa kijana mwenye macho mazima. Hakuna aliyeniambia, sikuinua kichwa, na nimelijutia jambo hilo maisha yangu yote.

Hili la chuma mwambie kwa makini, kwa sababu hata mimi niliwahi kulifundisha vibaya. Nilisema chuma cha moyoni ndicho kinachorushwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya hicho huzama na donge. Kinachotoka hutengenezwa kwenye mlipuko wenyewe kama nikeli ya aina isiyodumu, ambayo hugeuka kobalti, kisha chuma, ndani ya miezi. Na nyota ndogo zilizokwisha kufa, zikilipuka kwa namna yao, hutoa chuma kingi zaidi.

Nilipowapeleka wanafunzi Ndolezi, Mbozi, kukiona Kimondo, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, niliweka kiganja pale pembeni palipokatwa kipande cha kupimwa. Juu ni kahawia, kimejaa mashimo kama mti ulioliwa na mchwa. Pale palipokatwa pametulia, na asubuhi ile palikuwa baridi kama panga lililolala nje. Urefu wa mita 3, tani 16 hivi, sehemu 90 kwa mia chuma. Nilikaa pale hadi dereva akapiga honi.

Kuhusu shamba la babu, atulie. Shimo jeusi halivuti kama fyagio la umeme. Jua likibadilishwa leo kwa shimo lenye uzito uleule, dunia itaendelea na mzunguko wake, ila kwa giza na baridi. Na lililo karibu zaidi kati ya yanayojulikana liko umbali wa miaka nuru 1,500 na ushee. Kinachonitisha mimi ni moto wa Septemba. Njia ya kuzuia moto upande wa mto bado sijaisafisha, na majani yamefika kiunoni.

Njooni Juni, mvua zikiwa zimekatika. Mletee sweta. Usiku wa manane tutatoka hadi pale penye visiki, ambapo paini hazizibi anga, nimwonyeshe kundi la Mshale ndani ya Njia Nyeupe. Huko nyuma ya vumbi, miaka nuru 26,000 hivi, liko shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4, lile ambalo picha yake ilitolewa Mei 2022. Yeye ataona weusi tu kati ya nyota, lakini atajua anatazama wapi.

Baba yako.