Maswali ya Wasomaji: Picha Ukutani, Watu Ukumbini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoendesha kumbi ndogo za sanaa mwambao wa Kenya na Tanzania, na kwa wasanii na walimu wanaofanya nao kazi. Tumechagua tano. Ile ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu kila masika huleta nyingine kama hiyo.

Ukumbi wetu uko ndani ya nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe. Kila baada ya masika migongo ya picha huota ukungu na kanvasi hulegea. Tumeshauriwa tununue kiyoyozi. Je, ndiyo dawa?
*Msimamizi wa ukumbi, Lamu*

Msikimbilie kiyoyozi. Ukumbi mdogo huwasha kiyoyozi saa tatu asubuhi na kukizima jioni ili kuokoa umeme. Mchana hewa hukauka na picha hujikunja. Usiku unyevu hurudi kwa kishindo na kutua juu ya kila kitu kilichopoa. Mbao na kanvasi hupanuka na kusinyaa kila siku, na rangi iliyokauka haiwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo hupasuka. Picha iliyoishi miaka mingi kwenye unyevu wa asilimia 70 bila kuyumba iko salama kuliko inayopelekwa 50 mchana na kurudishwa 80 usiku. Kama hamwezi kukiacha kiyoyozi kikifanya kazi usiku na mchana, afadhali msikiweke.

Anzeni kwa kupima. Nunueni vipima unyevu viwili vya bei ya kawaida, kimoja kikae ukumbini na kingine ghalani. Vingi hudanganya, basi vijaribuni hivi: jazeni kizibo cha soda chumvi ya mezani, dondosheeni maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, kisha kiwekeni pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachofungika vizuri. Baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, mnajua kwamba kila mara mnaongeza tano. Andikeni namba asubuhi na alasiri. Ukungu huanza kupata nafasi unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 pasipo hewa kutembea, na hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito kwenu. Pwani unyevu hamtaushusha kwa urahisi, lakini hewa mnaweza kuitembeza.

Sogezeni fremu mbali na ukuta. Gundisheni vipande vya kizibo laini cha chupa (koki) au vya mbao, unene wa sentimita 2.5, kwenye pembe nne za mgongo wa fremu ili hewa ipite nyuma. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua usitundikwe kitu. Wekeni huko maandishi ya maelezo au benchi. Feni ziende polepole usiku kucha msimu wa mvua, zikielekea katikati ya chumba, zisipulizie picha moja kwa moja.

Halafu tazameni ukuta wenyewe. Mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole. Ukuta huo ukipakwa rangi ya plastiki, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya chini ya rangi, na lipu hubanduka vipande vipande. Rudisheni chokaa. Tunajua rangi ya plastiki huonekana safi siku ya ufunguzi, lakini ni hasara kwa jengo na kwa picha. Msitoboe ukuta wa namna hiyo pia, kwa sababu msumari hauna pa kushika. Pitisheni ubao au bomba la chuma juu karibu na dari, lililofungwa mahali palipo imara, mtundike picha kwa nyaya kutoka hapo.

Picha zilizokwisha kuota ukungu zitengeni mara moja. Vaeni barakoa na glavu, zikausheni kivulini penye upepo, si juani, kisha pigeni brashi laini mgongoni, nje ya jengo, huku mkisimama upande upepo unakotoka. Msitumie jiki wala maji ya limau. Ukungu ulioingia upande wa rangi hauguswi kwa mkono usiofunzwa. Huyo ni mgonjwa wa mhifadhi, yaani fundi aliyefunzwa kutibu kazi za sanaa.

Nimeombwa kuazimisha picha nane za mtindo wa Tingatinga na vinyago vitatu vya mpingo kwa miezi mitatu. Nidai nini kabla sijavitoa, na nivifunge vipi?
*Msanii, Mtwara*

Dai karatasi. Mkataba wa kuazima uandike jina la kila kazi, vipimo (urefu kwanza, kisha upana), thamani yake kwa fedha, tarehe ya kutoka na ya kurudi, nani analipa usafiri, na nani anabeba hasara tangu kazi inapoondoka kwako hadi inaporudi mlangoni pako, si wakati ikiwa ukutani tu. Kazi nyingi huumia njiani. Pamoja na mkataba iwepo ripoti ya hali: picha ya mbele, ya nyuma na ya kila pembe, na kila mkwaruzo utajwe mahali ulipo, mwandike na kusaini wote wawili siku ya kukabidhi na siku ya kurudisha. Anayesema "tunaaminiana, ndugu yangu" bado anapaswa kusaini.

Sasa kufunga. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na wengi bado wanatumia rangi ya aina hiyo. Tabia yake ni moja: joto likipanda ndani ya gari, hulainika na kunata. Gazeti hugandia humo na kuacha herufi zake. Plastiki ya mapovu huacha alama za duara ambazo hazitoki. Kwa hiyo kinachogusa rangi kiwe karatasi nyeupe laini isiyo na asidi au karatasi ya kuokea yenye silikoni, ndipo kadibodi, na plastiki ya mapovu iwe ya mwisho, mapovu yakitazama nje. Picha zisimame wima garini, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, na kadibodi katikati. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote. Kama ni kanvasi na lazima ikunjwe, rangi iwe upande wa nje wa bomba lenye kipenyo kisichopungua sentimita 15. Wengi hukunja rangi kwa ndani wakidhani wanailinda, kumbe wanaibana hadi inafanya mikunjo.

Vinyago vya mpingo vina adui mwingine, nao ni ukavu wa ghafla. Uliza kama vitakaa chini ya taa kali au mbele ya kiyoyozi. Jibu likiwa ndiyo, kataa mahali hapo. Na uandike mkatabani kwamba visipakwe mafuta ya nazi wala kiwi cha viatu. Vumbi hunata humo, na mafuta ya nazi huchacha. Brashi kavu inatosha.

Tunaandaa siku ya watoto tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Watakuja wanafunzi 40. Tulifikiria batiki.
*Mwalimu, Tanga*

Mwalimu wetu, batiki iache. Nta ya moto na watoto 40 havikai pamoja, na nta ikishika moto haizimwi kwa maji. Maji huurusha moto huo juu. Jaribuni kubuni kanga kwa mihuri ya viazi, kazi ambayo watoto wa pwani wanaielewa kabla hujamaliza kuieleza.

Wagawe makundi matatu, kila moja na watu wazima wawili. Dakika 15 za mwanzo waangalie kanga halisi nne au tano, si ishirini, na waonyeshe pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa) viko wapi. Kisha kila mtoto apewe karatasi ya A3. Umbo lake linakaribia la kanga, yenye takriban sentimita 150 kwa 110. Wapige mstari wa penseli sentimita 4 kutoka ukingoni pande zote, hilo ndilo pindo, na kisanduku cha jina juu kidogo ya pindo la chini.

Mahitaji: viazi 20 vikatwe nusu, karatasi 80 (moja ya kujaribia kwa kila mtoto), sahani 10, sponji 10, rangi ya maji ya unga au ya bango, rangi moja kwa sahani. Watu wazima wachonge mihuri asubuhi, kisha waifute na kuiacha uso juu dakika kumi, maana maji ya kiazi huifanya rangi ivuje. Rangi inyweshwe kwenye sponji. Ikimwagwa sahanini, muhuri huteleza na kutoa doa badala ya umbo. Jina waandike kwa kalamu nene. Herufi za muhuri hutoka zimegeuzwa, na mtoto aliyekwisha kuchonga "MAMA NI MAMA" akaikuta imesomeka kinyume hukata tamaa. Kazi hii ifanyike barazani. Ndani ya ukumbi ni penseli pekee.

Picha zitundikwe urefu gani? Kila mtu hapa ana maoni yake.
*Mfanyakazi wa kujitolea, Bagamoyo*

Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, kubwa kwa ndogo. Hesabu ya msumari: 150, jumlisha nusu ya urefu wa picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya uliovutwa. Picha ya sentimita 60 ambayo waya wake hufika 8 chini ya ukingo: 150 + 30 − 8 = 172. Maonyesho ya watoto wadogo yashushwe hadi 120. Maelezo yasizidi maneno 70, Kiswahili kwanza, herufi za ukubwa wa 20 au zaidi.

Kikundi cha akina mama wametuazima kanga za zamani. Nyingine zina matundu ya wadudu. Tupulize dawa?
*Mtunza ghala, Mombasa*

Dawa ya dukani huacha madoa, na atakayeishika kanga ataivuta puani. Tumieni friza. Kanga ikiwa kavu kabisa, ikunjeni kwa ulegevu na karatasi laini katikati ya mikunjo, itieni kwenye mfuko wa plastiki, toeni hewa na mfunge kwa utepe wa gundi. Iache nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Friza ya nyumbani isiyoshuka chini ya 18, wiki mbili. Ikitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka saa 24 zipite, ili matone ya maji yatue juu ya plastiki na si juu ya kitambaa. Njia hii ni ya nguo na mikeka. Pembe za ndovu, ngoma na picha za rangi zisiingie humo.

Kwenye maonyesho, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na kila kanga ipumzishwe gizani baada ya miezi mitatu. Mwanga hujumlishwa: luksi 100 kwa miezi mitatu hudhuru sawa na 50 kwa sita. Waelezeni akina mama hilo kabla ya ufunguzi, na waonyesheni ghala kanga zao zitakapolala.