Mlo wa Baada ya Mbio Ndefu: Kwa Wanaoanza Mazoezi Hapa Arusha

Ndugu mliojiunga na mazoezi mwaka huu, wengi wenu mnauliza kuhusu viatu na idadi ya kilometa, ila ni wachache wanaouliza watakula nini wakirudi nyumbani, nami naona hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikimaliza kilometa 25 za upande wa Ngaramtoni saa mbili asubuhi, nakunywa chai ya rangi bila kitafunwa, kisha nasubiri ugali wa saa nane mchana. Hadi Jumatano mapaja yalikuwa bado mazito, hata kupanda ngazi ilikuwa kazi, nikaamini kwamba sikuumbwa kwa mbio, kumbe ilikuwa njaa.

Misuli huhifadhi wanga katika umbo la glaikojeni, na akiba hiyo ndiyo inayotumika zaidi mnapokimbia kwa kasi kwa muda mrefu. Ikishapungua sana, huchukua takriban saa 24 kujaa tena, na hapo ni kwa mtu anayekula wanga wa kutosha. Katika saa za mwanzo baada ya mbio misuli hupokea sukari kwa wepesi zaidi, ndiyo maana mkimbiaji anayefanya mazoezi asubuhi na kuyarudia jioni hushauriwa kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Anayepumzika hadi kesho yake hana haja ya kuhesabu dakika, mradi siku hiyo ale ashibe.

Hesabu hiyo isiwatishe. Kwa mwenye kilo 60, ndizi mbivu mbili za wastani na nusu lita ya mtindi hutoa karibu gramu 70 za wanga na gramu 16 hivi za protini, na yai moja la kuchemsha huongeza gramu 6 za protini, hivyo anavuka gramu 20, kiasi kinachowatosha wengi kwa mlo mmoja ili misuli ianze kujijenga upya. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kijana anayeanza kutumia fedha ya nauli kununua kopo la unga wa protini, wakati mtindi unauzwa jirani na kwake. Wapo pia wanaotoka mbioni moja kwa moja kwenda kwenye nyama choma. Nyama ina protini nzuri, lakini karibu haina wanga kabisa, kwa hiyo pasipo ndizi, viazi au ugali wa kutosha pembeni, akiba ya misuli itabaki chini.

Kuhusu maji, jipimeni kwenye mzani kabla na baada ya mbio, mkiwa na nguo chache na mmejifuta jasho. Aliyepungua kilo moja na nusu anahitaji takriban lita mbili, azinywe kidogo kidogo kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Fulana yenu ikikauka na kuacha michirizi meupe mgongoni, hiyo ni chumvi iliyotoka mwilini, na kunywa maji matupu mengi kwa mkupuo hakuirudishi, bali huzidi kuipunguza makali katika damu.

Kwa jioni ya siku ya mbio ndefu, chakula ninachokipenda kuliko vyote ni mtori. Ndizi mbichi zilizopondwa hutoa wanga, nyama hutoa protini, na supu yake hurudisha maji na chumvi kwa pamoja. Akina mama wa Kichagga humpikia mzazi mtori ili arudishe nguvu, na mkimbiaji aliyechoka hadi hatamani kutafuna huumeza bila shida. Upikeni mzito, wala msiuzidishie mafuta, kwa sababu mafuta mengi hushibisha mapema, na mtaacha bakuli kabla ya kupata wanga mnaouhitaji.