Kabla Hujaandika Jina Lake Kwenye Mshumaa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kutoka Dar es Salaam akitaka nimtajie rangi ya mshumaa unaofaa kumrudisha mume aliyehama nyumba tangu Desemba, na kama ni lazima uwashwe mwanzoni mwa Februari au hata siku nyingine itafaa. Nilimjibu kwa mistari mitatu, kisha nikaona haya, kwa sababu swali hilo hilo ndilo lililonipeleka dukani mwaka 2022 nikiwa na hasira kifuani na pesa ya mshumaa mmoja mkononi.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba ninaishi Ireland na kwamba kazi yangu ni ya kuwatunza wazee, nyingi ikiwa ya zamu za usiku. Huku mwanzo wa Februari una sikukuu ya kale iitwayo Imbolc, ambayo kwa Wakristo ni siku ya Mtakatifu Brigid na ambayo tangu 2023 imepewa mapumziko ya taifa. Wapagani wa leo, yaani watu waliozifufua ibada za kabla ya Ukristo, wanaihesabu miongoni mwa sikukuu zao 8 za mwaka na kuiadhimisha kwa mishumaa, maana Brigid kwao ni mungu wa kike wa ushairi, uganga na uhunzi, na moto ni wake. Huanza jua linapotua tarehe 31 Januari, jambo ambalo halikunishangaza hata kidogo, kwani nasi kwetu Tanga tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia Alhamisi baada ya magharibi, saa ambayo bibi yangu alikuwa akitia ubani chetezoni.

Aliyenifundisha ibada yenyewe ni mama mmoja wa Kiayalandi niliyekuwa nikifanya naye kazi, mpagani wa miaka mingi. Alisema nichukue mshumaa wa rangi ya waridi, niuchore kwa ncha ya sindano lile ninaloliomba katika mapenzi, niupake mafuta ya zeituni, kisha niuwashe gizani na nikae nao mpaka uishe. Hakuniambia niandike jina la mtu. Jina nililiongeza mwenyewe na sikumwambia.

Mwenye jina hilo nilikuwa naye kwa miaka mitano. Nilimlipia ada ya chuo mihula minne, nilimtumia mama yake pesa za dawa, na nilipoanza kumuuliza habari za posa aliniaga kwa ujumbe wa simu ambao ulikuwa mfupi kuliko ule wa kampuni ya simu wa kunikumbusha salio. Sitaji hayo ili nihurumiwe. Nayataja kwa sababu mtu aliyetendewa hivyo hashiki sindano kwa nia njema, na mimi sikuwa na nia njema.

Jina lake lina herufi saba. Nta ya mshumaa ule ilikuwa laini, kila nilipokandamiza sindano ilitoa vumbi jembamba la waridi lililonasa chini ya kucha, na herufi ya tatu ikanikatikia nikairudia mara mbili. Nikapaka mafuta mengi kupita kiasi, nikawasha. Moto ulipofika kwenye mafuta ulirefuka ghafla na kutoa moshi mweusi, na kengele ya moshi iliyokuwa darini ikaanza kupiga kelele kwa jengo zima. Mkataba wangu wa nyumba ulikataza mishumaa. Nilipanda kiti nikaipepea kengele kwa taulo huku majirani wamesimama kwenye korido na nguo za kulalia, na nilipogeuka mshumaa ulikuwa umeinama upande mmoja, herufi mbili tu za mwisho zikisomeka.

Kesho yake nilimsimulia yule mama nikitegemea atacheka. Alikasirika. Alinieleza kwamba wengi wa wenzake wanaona ni kosa kubwa kumlenga mtu kwa jina bila ridhaa yake, kwa kuwa huko ni kumfunga hiari, na anayemfunga mwenzake hujifunga pamoja naye. Nilinyamaza, maana kwetu jambo hilo lina jina: ni limbwata. Nilikuwa nimevuka bahari, nikajifunza sikukuu ya watu, nikanunua mshumaa wa kupendeza, na nilichopika ni limbwata lile lile nililokuwa nikiwacheka nalo wanawake wa mtaani kwetu. Mwezi huo huo nikasikia kwamba yule bwana niliyemwandika jina amepeleka posa kwingine.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia.

Lililonigeuza ni habari ya Kildare, mji wa huku Ireland. Katika karne ya 12 kasisi na mwandishi Gerald wa Wales aliandika kwamba moto wa Brigid mjini humo ulilindwa na watawa 19, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 moto ukaachiwa Brigid mwenyewe. Ulikuja kuzimwa, na masista wakauwasha tena mwaka 1993. Mtu wa zamu za usiku haipiti hesabu hiyo hivi hivi. Katika miaka yangu mitano na yule bwana zamu zote 20 zilikuwa zangu, na hata alipoondoka bado nilikuwa macho nikilinda moto ambao mwenzangu hakuwahi kuuletea ukuni.

Imbolc ya 2023 niliandika maneno mawili, "zamu sawa", kwa mafuta kidogo sana na bakuli la maji pembeni. Mume wangu wa sasa sikumpata kwa mshumaa. Nilimpata kituo cha basi, kwenye mvua, akibishana na dereva kuhusu nauli. Lakini nilijua la kumuuliza, na nilimuuliza mapema.

Kwa hiyo dada zangu, na kaka mnaosoma kimyakimya, msiandike jina. Andikeni mnalolitaka litendeke baina ya watu wawili, na kama mkono unang'ang'ania jina, basi wekeni sindano chini mpaka hasira ishuke. Mapenzi ya kumvuta mtu kwa kamba yanakutaka uishike kamba hiyo usiku na mchana, nawe una kazi ya kufanya na watoto wa kulea. Nasema tena, msiandike jina.

Na wewe wa Dar es Salaam, nimalizie deni langu. Waridi ni ya upendo, nyekundu ni ya ashiki, na ukikosa zote mbili wanasema nyeupe inatosha. Tarehe haina sharti. Ukishaununua, niandikie kwanza kabla hujauchora, na uniambie katika nyumba ile nani alikuwa akiamka usiku mtoto alipolia.