Puli ya kranki inaingia kwa mkono: pima shafti kabla ya kununua nyingine

Umesema puli ya mbele ya kranki, ile nzito yenye raba kati ya kitovu na ringi ya nje, inaingia kwa mkono kwenye lori lako la zamani, na unauliza kama kukaza bolti kwa nguvu kutatosha. Hakutatosha. Kwenye injini nyingi za aina hiyo puli inashikiliwa na jinsi kitovu kinavyoibana shafti ya kranki. Kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, ipo ili puli ikae pembe yake na alama za taimingi zisome sawasawa. Ukiiachia mtikisiko wote, itakula mfereji wake.

Lori nililolihudumia mimi lilikuwa likigonga kama beringi za konrodi zimekwisha, na watu walishaanza kusema injini ishushwe. Nilipovuta puli nikakuta vumbi jekundu limetanda kwenye shafti, na ukuta mmoja wa mfereji wa kii unang'aa kama kioo. Ukiona vumbi hilo, jua vyuma viwili vimekuwa vikisuguana muda mrefu.

Kwa hiyo pima kwanza. Maikromita kwenye shafti, sehemu kadhaa na pande tofauti, kisha tundu la kitovu. Tundu linatakiwa liwe dogo kuliko shafti, kwa kawaida kama 0.025 mm hivi. Shafti ikiwa nzima, puli mpya inamaliza kazi. Ikiwa imelika, hata puli mpya italegea. Yangu ilikuwa imelika kidogo na kwa usawa, nikampa fundi mchonga vyuma kitovu akipanue na kukiwekea bushi ya kuibana shafti. Gundi ya kushikiza beringi siiamini mahali panapotikisika hivyo.

Ukinunua nyingine, hakikisha uzito wake wa kusawazisha ni uleule wa injini yako. Kufanana kwa macho hakutoshi.

Wakati wa kufunga, nyundo iweke mbali: inaumiza raba na beringi ya msukumo ya kranki. Vuta puli iingie kwa skrubu ndefu iliyoingia vizuri kwenye shafti, maana bolti yake fupi inaweza kung'oa nyuzi za shafti. Weka kii mpya, sili mpya, na silikoni kidogo kwenye mfereji wa kii oili isipenye. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha injini.

Mwisho piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye ringi. Siku mstari ukikatika na pande zake zikaachana, raba imeteleza na puli hiyo ni ya kutupa.