Wiki mbili za kupanda mikoko Gazi

Dada, umeuliza kama mtu asiye na ujuzi, mwenye wiki mbili tu za likizo Kwale, atafaa kwenye upandaji wa mikoko au atakuwa mzigo. Utafaa, ila usijiendee tu ufukweni na miche yako. Fika Gazi uulizie Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni wa kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao huihifadhi. Pesa zake zimesaidia maji ya kijiji na shule.

Kosa langu la kwanza, pwani nyingine, lilikuwa kuchomeka mkoko mstari wa mbele kabisa unakopigwa na mawimbi. Pale ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Tuliporudi tulikuta vijiti vitupu, na mzee mmoja akacheka mpaka akakaa chini.

Mbegu ya mkoko ni ndefu, ya kijani, kama rula nyembamba. Iliyokomaa ina pete ya njano shingoni. Ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia topeni, kama theluthi hivi, polepole.

Kazi hufuata maji. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, ikikupwa mnaingia hata alfajiri, na bahari ikianza kujaa mnatoka, mmemaliza au hamjamaliza. Ndala ziache, tope litazimeza. Vaa raba kuukuu za kamba. Siku nyingine hamtapanda hata mmoja, mtahesabu miche iliyokufa. Usinune. Na beba maji ya kunywa.