Umeacha kazi, laptopu bado ina mwajiri

Msomaji ameniandikia: aliachiwa laptopu na kampuni aliyotoka, sasa akitaka kuisajili kwa mwajiri mpya inamtolea kosa 0x8018000a, yaani kifaa kimeshasajiliwa. Fundi anamshauri apige Windows upya.

Asubiri kwanza. Mimi yangu nilipewa kwa barua kabisa, yenye sahihi na muhuri. Haikupita muda ikaanza kunidai nywila kwa masharti ya ofisi nisiyokanyaga tena. Nikawaandikia watu wa TEHAMA wa kule. Kimya. Watu niliokuwa nakaa nao meza moja! Haya, yamepita, ingawa bado nayakumbuka.

Nikaanza kuishughulikia mwenyewe. Kwenye mipangilio, pale pa akaunti za kazi au shule, palikuwa patupu, na wengi huishia hapo wakijua wameachana salama. Nikaandika dsregcmd /status kwenye dirisha la amri: AzureAdJoined, inayoeleza kama mashine imeunganishwa na mfumo wa kampuni, ikasema NO. Lakini ndani ya Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi, kwenye folda ya EnterpriseMgmt, nikakuta kazi zinazojiendesha zenyewe, zimebeba namba ndefu ya usajili. Namba ileile ilikuwa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Enrollments. Na kwenye vyeti vya kidijitali vya mashine kulikuwa na kimoja kilichotolewa na Microsoft Intune MDM Device CA; Intune ni mfumo ambao kampuni husimamia vifaa vyake kwa mbali. Nikaweka nakala ya rejista pembeni, nikafuta zile kazi, kile cheti, na tawi lenye namba ile peke yake. Tafadhali usifute Enrollments nzima, humo mna matawi ya Windows yenyewe. Nikawasha upya, ikatulia. Fundi hakuigusa, na najisifu kwa hilo mpaka leo.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mnaojipanga kuacha ajira mkajitegemee. Mabaki ya ndani ya mashine yanafutika. Yaliyoandikwa kwenye daftari la kampuni hayafutiki kwa kupiga Windows. Kama mashine iliandikishwa Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za kampuni, alama ya vifaa vyake imehifadhiwa kule, na ukishaisafisha ikaunganishwa na intaneti wakati wa kuanza, itakuletea tena ukurasa wa kuingia wa kampuni. Mac nazo hutambulika kwa namba ya mfululizo (serial number) kwenye Apple Business Manager, mfumo wa Apple wa kampuni kuandikisha vifaa vyake. Amri ya profiles status -type enrollment itakuonyesha kama Mac imesajiliwa kwa njia hiyo. Anayeiondoa mashine kwenye orodha hizo kwa kawaida ni msimamizi wa kampuni. Kwa hiyo dai mashine iondolewe kwenye orodha kabla hujarudisha kitambulisho, maana ukishatoka getini barua pepe zako hazina haraka kwa mtu. Na kama laptopu bado ni mali yao, irudishe, usiichokonoe.

Kwa msomaji wangu: anza na Task Scheduler. Ukikuta usajili wa zamani, fuata njia niliyopita. Ukishaona ukurasa wa kampuni ile, acha kuhangaika na fundi. Waandikie, ambatisha barua ya kuachiwa na namba ya mfululizo, nakala kwa idara ya rasilimali watu.