Mawazo ya usiku yape saa yake jioni
Ndugu, umeuliza ufanyeje maana kila pigo dogo, mteja kukopa na kupotea au mtoto kurudishwa kwa ada, linakunyima usingizi na kesho yake huna nguvu. Anzia kwenye usingizi.

Saa 12 jioni kaa na daftari dakika 15. Andika kila linalokusumbua, na pembeni hatua moja: "kesho saa 3 nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu." Wengi hukosea kwa kuandikia kitandani, tena kwenye simu, kitanda kinageuka ofisi ya madeni.

Ukikaa macho kama dakika 20, inuka, keti kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Asubuhi amka saa ileile hata kama ulilala vibaya (hili ndilo gumu). Kahawa na chai, mwisho saa 8 mchana. Ukiwaza kujidhuru, usingoje daftari: nenda zahanati leo.